Utalii Umepona, Nani Alikesha na Mgonjwa?

Unaijua ile picha. Waziri, maikrofoni kumi, bango la twiga nyuma yake, na takwimu. Karibu wageni milioni 2.4 kutoka nje walifika Kenya mwaka 2024, tukaambiwa. Mwaka 2019, kabla ya korona, walikuwa milioni 2 na kidogo. Mwaka 2020 wakashuka hadi chini ya 600,000. Kwa hivyo hesabu imerudi ilikokuwa na ikapita. Utalii umepona. Makofi.

Mimi bado sijapiga. Sina ugomvi na hesabu yenyewe, na sina ugomvi na mzungu anayekuja kutazama simba kwa pesa yake. Ugomvi wangu ni kwamba pale mbele ya maikrofoni hakuna anayeuliza: huyu mgonjwa alipokuwa kitandani, nani alikesha naye? Nauliza kwa sababu nilikuwa chumbani. Mimi ndiye nilikuwa nabeba sahani.

Nilikuwa mhudumu wa mezani katika loji moja upande wa Mbuga ya Kitaifa ya Meru, ukishuka kutoka Maua kuelekea lango la Murera. Jina lake nitaliacha. Watu wangu wengine bado wanafanya kazi huko. Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, siku ya Ijumaa. Tarehe 25 mwezi huohuo ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Wageni wetu wa mwisho walikuwa mzee na mkewe waliokatisha likizo zikiwa zimebaki siku tatu. Waliondoka supu ikiwa nusu kwenye bakuli. Nikaitoa mezani, nikakunja vitambaa, na ndivyo utalii wa kimataifa ulivyoisha upande wangu.

Wiki iliyofuata ujumbe ukaingia kwenye simu zetu: likizo bila malipo hadi tutakapoarifiwa. Tulikuwa zaidi ya thelathini. Ujumbe ulimalizika kwa kututakia afya njema.

Nikarudi nyumbani Embu, juu kidogo ya Runyenjes, kwa cucu. Aliniangalia na begi langu mlangoni, akauliza swali moja tu.

“Kwani wazungu wote wameisha?”

“Hapana, cucu. Wamefungiwa kwao.”

“Na wewe nani amekufungia?”

Sikuwa na jibu. Nilichuma kahawa ya majirani kwa debe hadi mikono ikasahau namna ya kubeba trei. Binamu yangu, ambaye alikuwa akibebea wageni mizigo Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria, aliuza viatu vyake vya mlima kwa fundi wa mjengo. Viatu vya maana vile, vya kupewa na Mjerumani, vikaenda kukanyaga simiti.

Dunia nzima ilikuwa hivyohivyo, najua. Mwaka 2019 safari za kimataifa duniani zilikuwa karibu bilioni 1.5. Mwaka uliofuata zikabaki kama milioni 400. Kutoka Zanzibar hadi Venice watu walikaa wakitazama viti vitupu. Lakini Meru ilikuwa imeshapata funzo hili kwa zao lingine, na hapa watu wa Igembe watanielewa haraka kuliko mtu yeyote. Juni 2014 Uingereza ilipiga marufuku miraa. Soko likafungwa, na Maua ikanuna. Kisha Machi 2020, wiki zilezile za loji kufungwa, Somalia ikazuia ndege za miraa kwa sababu ya korona, na hazikurudi hadi Julai 2022. Miaka miwili na zaidi! Ukiishi Maua wakati ule, mgeni wa kupanda juu ya gari la safari na bunda la miraa walikuwa kitu kimoja: riziki iliyokuwa ikingoja rubani wa nchi nyingine.

Sasa tufike pale ambapo takwimu za waziri huruka.

Marufuku ya kutoka Nairobi iliondolewa tarehe 7 Julai 2020. Kafyu ilibaki, barakoa zilibaki, lakini barabara ilifunguka. Shirika la wanyamapori, KWS, lilikuwa limetangaza kiingilio cha mbuga nusu bei kwa mwaka mmoja kuanzia mwezi huo. Mwezi wa nane meneja akanipigia simu: njoo, tuko wanane tu, mshahara nusu. Nikaenda. Nusu ya mkate ni mkate.

Jumamosi ya kwanza ikaingia matatu ya watu 14 iliyobeba wanane, kwa sababu ndiyo sheria ilivyokuwa. Kilikuwa chama cha akina mama wa Umoja. Walikuwa wamechanga mwaka mzima kwenda Dubai. Ndege zikafungwa, pesa ipo, wakasema basi twende tuone hii Meru. Walishuka na spika, mkate wa Nairobi na chupa ya mchuzi wa pilipili, kama watu wanaokwenda mahali pasipo na chakula. Mmoja wao alizaliwa Igoji. Miaka arobaini na mbili, mtu wa Meru kabisa, na hakuwa amewahi kuona ndovu ila wa kwenye sarafu ya shilingi 20. Jioni aliporudi kutoka ndani ya mbuga alikaa kwenye ngazi za mapokezi bila kusema kitu. Nikamuuliza kama anahitaji maji. Akaniambia, “Wacha kwanza, kijana wangu.”

Mpishi wetu hakuwa na jibini ya kutoka ng’ambo wala ile samaki ya barafu. Alipika mukimo, mbuzi, mboga za kienyeji, asubuhi uji wa wimbi. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yangu minne pale kuona sahani zikirudi jikoni tupu. Walilipa kwa M-Pesa, papo hapo. Walipoondoka walisimama Maua wakanunua miraa ya waume zao, ndizi na asali, na mama mmoja akanunua mbuzi. Mbuzi! Sijui alifikaje naye Umoja.

Baada yao wakaja wengine. Vikundi vya kanisa, watu wa bethidei, maharusi waliokosa harusi kubwa kwa sababu ya sheria za mikusanyiko wakaamua kufanya fungate badala yake. Vijana kama wewe unayesoma hapa, wanne kwenye Probox ya kukodi, wakiuliza kama wanaweza kupiga hema. Hawakuwa wengi wa kutosha kurudisha wafanyakazi wote thelathini. Lakini taa ziliwaka, jenereta iliwekewa mafuta, na paa halikuanguka. Mabweni mengi yaliyofungwa kabisa wakati ule yalikutwa na mchwa na popo.

Kumbuka pia kwamba hawa hawakuzaliwa na korona. Hata mwaka 2019, karibu nusu ya usiku zilizolalwa kwenye hoteli za Kenya zililalwa na Wakenya wenyewe. Ni vile tu hakuna bendi ya kuwapokea uwanja wa ndege, kwa sababu hawakushuka uwanja wa ndege. Walishuka stendi.

Mwaka 2022 wageni wa nje wakaanza kurudi kwa wingi, na kila mtu akafurahi, hata mimi. Kisha mambo madogo yakaanza kubadilika. Mukimo ikatolewa kwenye menyu. Bei kwenye karatasi ya mapokezi ikarudi dola. Tukaambiwa makundi “yenye kelele” yapewe vyumba vya nyuma, na ukiwa mhudumu unajua mara moja nani anaitwa mwenye kelele. Nusu ya mshahara wangu, ile iliyokatwa mwaka 2020, haikurudi. Nilipouliza nikaambiwa biashara bado inapona. Nilikuwa nimelipwa nusu kwa miezi kumi na tisa, na sasa vyumba vimejaa, na mgonjwa bado anapona! Mwaka 2023 nikaacha kazi nikahamia Nairobi.

Desemba 2024 nilitaka kumpeleka cucu kuona ndovu. Ana miaka themanini na kitu, na tangu mwaka ule wa begi mlangoni alikuwa ananiuliza hao wanyama niliokuwa nikiwalinda wana nini cha ajabu. (Nimemweleza mara mia kwamba nilikuwa nalinda vijiko tu.) Nikapiga simu palepale nilipofanya kazi. Msichana wa mapokezi, sauti mpya, mpole sana, akanitajia bei kwa dola. Nikamwambia mimi Mkenya. Akasema ndiyo, kuna bei ya wakazi, lakini haitumiki msimu wa wageni wengi. Nikamuuliza msimu wa wageni wachache ni lini. Akasema Aprili na Mei.

Yaani wakati wa mvua. Wakati barabara ya udongo ndani ya mbuga inageuka ugali na nyasi ni ndefu kuliko simba. Hapo ndipo Mkenya anakaribishwa kwao.

Mwenye loji ana jibu, na si jibu la kijinga. Atakuambia mgeni mmoja kutoka Uingereza analipa usiku mmoja kile ambacho familia ya Embu italipa usiku tatu, na hapigi kelele, na hagombani kuhusu bili. Ni kweli. Mshahara wangu wa kabla ya korona ulitokana na huyo Mwingereza, siwezi kumtukana leo. Lakini pesa nyingi za huyo mgeni hulipwa kwao kabla hajafunga sanduku. Zinapita kwa wakala, kwa shirika la ndege, kwa kampuni ya magari ya Nairobi, na kinachofika Murera ni mabaki. Mama wa Umoja na mbuzi wake alitumia pesa yake Maua.

Na huyo mgeni wa dola huwa wa kwanza kutoka. Wazee wa Igembe wanakumbuka. Novemba 1988 majangili waliwaua vifaru weupe watano waliokuwa wakilindwa ndani ya Mbuga ya Meru. Mwaka uliofuata watalii wakauawa humohumo, na mbuga ikakaa karibu tupu kwa miaka. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007: wakaondoka. Mei 2014 Uingereza ilitoa onyo la usafiri na mamia ya watalii wake wakarudishwa kwao kutoka Mombasa kabla ya likizo kuisha. Korona ikaja mwaka 2020. Juni 2024 vijana walipoingia barabarani, balozi zikaanza tena kuandikia watu wao. Silaumu mtu kwa kuogopa. Mimi pia nikiwa ugenini na mambo yachafuke, nitatafuta ndege. Ninachosema ni kwamba biashara inayojua kila baada ya miaka michache mteja wake mkubwa atakimbia, na bado inamweka mteja wa pili chumba cha nyuma, haijajifunza hesabu.

Tazama hata hesabu yenyewe ya wageni wa nje. Wamarekani wanaongoza, sawa. Wanaofuata ni Waganda na Watanzania. Wengi wao walivuka mpaka kwa basi, kwa mkutano, kwa harusi ya shangazi, kwa biashara ya mitumba. Tunapoonyeshwa bango la twiga na kuambiwa milioni 2.4, nusu ya ile furaha inajengwa na watu ambao hakuna loji Meru inayowaandalia hata uji.

Uchungu zaidi ni namna Meru inavyouzwa. Fungua kijitabu chochote cha mbuga ile: Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson, kitabu cha mwaka 1960, filamu ya 1966. Elsa alikufa 1961 na kaburi lake liko mle ndani, na wageni wanafunga safari kulitembelea. Ni hadithi nzuri. Lakini hifadhi ile ilitengwa na baraza la Wameru wenyewe kabla ya uhuru, wakatoa ardhi yao kabla ya serikali kuitangaza mbuga ya kitaifa mwaka 1966, na sijawahi kuona wazee wale kwenye kijitabu hata kwa sentensi moja. Simba ana kaburi lenye jina. Kule Imenti kuna muuru mkubwa wa ajabu msituni, kuna Ziwa Nkunga na hadithi zake za nyoka, kuna Nchiru kwa Njuri Ncheke. Muulize mwongozaji wa kawaida wa loji. Atakuambia kwanza kwamba Prince William alimchumbia Kate kwenye kibanda cha Rutundu mlimani mwaka 2010. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo. Nilifundishwa.

Na Embu? Embu haiko hata kwenye orodha. Watu wanaipita wakienda Meru, wananunua mayai ya kuchemsha dirishani na kuendelea. Hoteli yetu maarufu zaidi mjini imepewa jina la Izaak Walton, Mwingereza wa karne ya 17 aliyeandika kitabu kuhusu kuvua samaki na ambaye hakukanyaga hapa. Sina neno, bustani yake ni nzuri. Lakini nani ameandika kuhusu maporomoko ya Ndunda, Karue, msitu wa Kirimiri, vilima vya Kiang’ombe kule Mbeere? Wameandika vijana kwenye simu zao, kuanzia 2020, walipokosa pa kwenda. Karue ilijaa mahema wakati hoteli za nyota tano zilikuwa na kufuli.

Nijitie na sisi kwenye lawama kidogo, maana si haki kuwapiga wenye loji peke yao. Tukifika Karue tunaacha chupa na mifuko ya nyama choma. Tunabeba spika hadi mahali ambapo watu wamekuja kusikiliza ndege. Tunamlilia mwongozaji atupunguzie shilingi mia mbili kisha tunanunua mzinga wa elfu mbili. Na mipaka ilipofunguliwa, sisi vijana wa Nairobi tulikuwa wa kwanza kusahau: Zanzibar, Dubai, Diani. Meru ilikuwa mpenzi wa lokdauni. Hilo pia lazima tulikubali.

Lakini mtu hawezi kupenda mahali pasipofikika. Kutoka Nairobi hadi Embu ni kama kilomita 130, hadi Meru kama 230. Matatu za Tea Room zinakufikisha Embu kabla ya chai ya saa nne. Ukiendelea mbele ya Chuka unafika daraja la Nithi. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya thelathini wakafa. Halikuwa la kwanza. Baada ya kila ajali serikali huahidi kuirekebisha ile barabara. Mgeni wa dola halioni daraja la Nithi. Anashukishwa na ndege ndogo kwenye uwanja wa nyasi ndani ya mbuga. Daraja ni la mtalii wa stendi. Na kwa nchi inayosema inataka Wakenya watembee Kenya, mimi naanzia pale kupima ukweli wa maneno hayo, si kwenye tangazo la runinga.

Ningekuwa na sauti kwenye mkutano wa makofi, ningetaka hesabu ya pili isomwe pamoja na ya kwanza: ni Wakenya wangapi walilala Meru, wangapi Embu, mwezi gani, na kwa bei gani. Ningetaka bei ya shilingi ibandikwe ukutani Januari hadi Desemba, hata kama ni ya vyumba vitano tu. Na kabla ya loji yoyote kutangaza kwamba imepona, iwaite wale iliowalipa nusu na kufungua vitabu vya miaka ile mbele yao.

Cucu alienda kuona ndovu, msijali. Tulikwenda Hifadhi ya Kitaifa ya Mwea, kwetu Embu, kule Mbeere ambako Thiba inakutana na Tana kati ya mabwawa. Kilomita za mraba arobaini na kitu, ndogo, haina jina kubwa. Tulikodi gari la jirani, tukabeba chapati. Viboko tuliwaona mapema. Ndovu walitokea karibu saa kumi, watano, mmoja mtoto, wakivuka njia bila haraka. Cucu alishusha kioo ingawa nilikuwa nimemwambia asishushe.

Aliwaangalia hadi wa mwisho akaingia vichakani. Kisha akaniuliza wazungu walikuwa wakilipa pesa ngapi kuona hii kule kwetu kazini. Nikamtajia, nikiibadilisha kuwa shilingi. Akacheka hadi akashika kifua, akasema kwa hiyo pesa angewalisha hao ndovu yeye mwenyewe mwaka mzima, na kwanza mbona hatujafungua chapati.